Amplifaya ya hedifoni na pleya ya mfukoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu mwenye pleya ya mfukoni, au simu anayoitumia kama pleya, anayejiuliza kama kijiboksi cha pembeni kitamfaa au kitamjazia mfuko tu. Ninaposema hedifoni ninamaanisha za kuvaa kichwani na zile ndogo za kuchomeka sikioni pia, isipokuwa pale ninapotenganisha.

Amplifaya ya hedifoni inafanya kazi gani hasa?

Inapokea mawimbi ya umeme kutoka kwenye pleya na kuyatoa yakiwa na nguvu zaidi, ili yaweze kusukuma viwambo vilivyomo ndani ya hedifoni. Basi. Kila pleya yenye tundu la hedifoni tayari ina amplifaya ndani yake. Ila hiyo ya ndani ni chipu ndogo inayogawana betri moja na kioo na vingine vyote, na aliyeibuni alikuwa akifikiria zile hedifoni nyepesi zinazokuja kwenye boksi. Ya nje ina betri yake na volti za kutosha.

Inatibu magonjwa mawili: sauti isiyofika unapotaka, na pleya inayoyumba inapobebeshwa hedifoni fulani. Ukiinunua kwa ajili ya ugonjwa wa tatu, utajuta.

Nitajuaje kama ninaihitaji?

Jaribio la kwanza ni la bure. Chagua rekodi yenye sauti ya chini, kwa mfano okestra au piano peke yake, si nyimbo zinazopiga kelele tangu sekunde ya kwanza. Anza volyumu ikiwa chini, kisha ipandishe taratibu. Ukilazimika kusimama kabla ya kufika juu kwa sababu masikio yanalalamika, nguvu unayo tayari. Ukifika mwisho wa volyumu na bado unatamani kuongeza, au sehemu za kishindo zikawa zinakwaruza, hapo kuna la kuzungumza.

Jaribio la pili ni hesabu, nayo si ngumu. Unahitaji namba mbili za hedifoni (impedansi, yaani ukinzani wake kwa umeme, inayopimwa kwa omu, na unyeti, yaani ukubwa wa sauti inayotoka kwa kiasi fulani cha umeme) na namba moja ya pleya, ambayo ni volti inazoweza kutoa.

Chukua Sennheiser HD 600: omu 300, desibeli 97 kwa volti 1. Pleya inayotoa nusu ya volti itaishia kwenye desibeli 91, kwa sababu ukikata volti nusu unapoteza desibeli 6. Pleya ya volti 1 itafika 97. Amplifaya ya volti 3 itafika kama 106. Sasa, mtu anayesikiliza kwa utulivu huwa kwenye wastani wa desibeli 75 hivi, lakini muziki una vilele, na rekodi nzuri ya okestra inaweza kuruka desibeli 20 juu ya wastani wake. Yaani 95. Kwa volti 1 unapita, ingawa kwa kubanana. Kwa nusu ya volti, ile ngoma kubwa ikipigwa utaisikia ikikatwa kichwa.

Chukua sasa hedifoni ndogo za sikioni za omu 16 zenye desibeli 105 kwa miliwati 1. Nusu ya volti ileile inazipa takriban miliwati 16, nazo zinatoa desibeli 117. Hiyo ni sauti ya kuumiza. Mwenye hizi akiniuliza anunue amplifaya ipi, huwa namwambia anunue muziki.

Kwa hiyo omu nyingi ndiyo hedifoni ngumu kusukuma?

Si lazima. Omu zinakuambia hedifoni inataka umeme wa namna gani: nyingi zinataka volti, chache zinataka ampea. Ugumu wenyewe unatoka kwenye unyeti. HiFiMAN HE-6 ina omu 50 tu, na mtu akiangalia namba hiyo peke yake atadhani simu inaitosha. Lakini unyeti wake ni desibeli 83.5 kwa miliwati 1. Kuifikisha kwenye kilele cha desibeli 110 unahitaji karibu miliwati 450, na hakuna simu inayotoa hizo. Hata amplifaya nyingi za mfukoni zinatokwa jasho hapo.

Mbona hedifoni moja inauzwa kwa omu tofauti?

Beyerdynamic DT 880 imeuzwa ikiwa na omu 32, 250 na 600. Ya 32 ni kwa ajili ya vifaa vya mfukoni, ya 600 ni ya mezani. Kama utaichomeka kwenye pleya, chukua ya 32 na uachane na wanaosema ya 600 ndiyo "halisi".

Nikitoa sauti kwenye tundu la hedifoni kwenda kwenye amplifaya, si ninakuza mara mbili?

Ndiyo, na wengi wanaliogopa jambo hili kupita kiasi. Amplifaya ya nje kwa kawaida ina omu elfu kadhaa kwenye tundu lake la kuingilia, mara nyingi 10,000 au zaidi. Kwa chipu ya pleya huo si mzigo, ni sawa na kubeba unyoya. Chipu inayokwaruza ikisukuma hedifoni za omu 16 inaweza kuwa safi kabisa ikiongea na amplifaya.

Kinachoharibu mambo ni volyumu iliyopangwa vibaya. Ukiiweka pleya chini kabisa na kuizungusha amplifaya mpaka juu, unakuza na ile "shhh" ya pleya. Fanya kinyume chake: pleya iwe juu, robo tatu mpaka karibu na mwisho, halafu sauti uirekebishe kwa kitufe cha amplifaya. Ikikwaruza pleya ikiwa juu kabisa, ishushe hatua mbili tatu.

Halafu zima ikwalaiza, ile sehemu ya menyu ya kuongeza au kupunguza besi na sauti nyembamba. Niliwahi kukaa wiki nzima nikiilaumu amplifaya mpya kwa sababu ya ngoma moja iliyokuwa ikipasuka kila inapopigwa. Nilibadilisha waya, nikabadilisha betri, nikaanza hadi kupanga kuirudisha. Kumbe ndani ya pleya nilikuwa nimeacha besi imeongezwa desibeli 6. Desibeli 6 ni volti mara mbili, na wimbo uliokwisha rekodiwa hadi ukingoni hauna pa kwenda ukiuongeza mara mbili. Unakatwa kabla haujatoka kwenye pleya, na amplifaya inakuza kilichokatwa. Ukitaka kuongeza besi, shusha kwanza kiwango cha jumla cha ikwalaiza kwa desibeli zilezile.

Tundu la laini ni bora zaidi?

Kama pleya yako inalo, litumie. Linatoa sauti ya kiwango kimoja kisichobadilika, bila kupitia amplifaya ya ndani wala volyumu yake. Kuna pleya ambazo tundu ni moja na unachagua kwenye menyu liwe la hedifoni au la laini. Hapo kuwa mwangalifu: ukisahau limo kwenye laini ukachomeka hedifoni moja kwa moja, sauti itakuja yote kwa mpigo, na kitufe cha kuipunguza hakitasaidia.

Nina iPod ya zamani. Je?

Umebahatika. Kuanzia kizazi cha tatu cha mwaka 2003, iPod nyingi zilikuwa na tundu pana la pini 30 chini, na ndani yake mna sauti ya laini. Zipo nyaya fupi zilizotengenezwa kwa ajili hiyo, upande mmoja plagi ya pini 30 na upande wa pili pini ya milimita 3.5. Tundu la Lightning lililokuja 2012 liliiondoa sauti hiyo na kubakiza ya dijiti, kwa hiyo adapta ndogo ya kupachika pini ya hedifoni lazima ibebe chipu ya kubadilisha dijiti kuwa sauti ndani yake.

Hedifoni zangu za sikioni zinapiga "shhh" nikichomeka amplifaya. Imeharibika?

Hapana. Hedifoni zenye unyeti mkubwa zinasikia hata pumzi ya saketi. Angalia kama kuna swichi ya geini, yaani kiasi ambacho amplifaya inakuza, na uiweke chini. Geini ya juu ni kwa ajili ya hedifoni za omu 300, si kwa za omu 16.

Kuna na kero nyingine hapohapo. Ukizungusha kitufe kidogo tu kutoka sifuri, sikio moja linapata sauti kabla ya jingine. Vile vitufe vya kuzungusha huwa na pande mbili ambazo mwanzoni mwa mzunguko hazilingani. Kwa hili unaruhusiwa kuvunja kanuni niliyoitoa juu: shusha volyumu ya pleya kidogo, ili kitufe cha amplifaya kifike katikati, mahali ambapo pande hizo mbili zinakwenda pamoja.

Mtu aliniambia amplifaya itaongeza besi. Kweli?

Wakati mwingine, na sababu yake inafurahisha kuliko wauzaji wanavyoieleza.

Pleya nyingi za zamani zina kapasita kati ya chipu na tundu la hedifoni, kuzuia umeme wa moja kwa moja usiingie kwenye hedifoni. Kapasita hiyo pamoja na omu za hedifoni huchuja sauti nzito. Kapasita ya mikrofaradi 220 na hedifoni za omu 16 huanza kuidhoofisha besi kwenye hezi (mitetemo kwa sekunde) 45 hivi, na nyuzi za chini za gitaa la besi ziko papo hapo. Kwa hedifoni za omu 32, inashuka hadi hezi 23. Sasa weka amplifaya katikati: pleya haioni tena omu 16, inaona 10,000, na kuchuja kunaanzia chini ya hezi 1, mahali ambapo hakuna muziki. Besi imerudi. Haikuongezwa na mtu. Ilikuwa inapotelea njiani.

Sababu ya pili ni impedansi ya kutokea. Kila tundu la hedifoni lina omu zake lenyewe, na zikiwa nyingi zinaigawa sauti bila usawa. Hedifoni ndogo zenye vipaza sauti kadhaa ndani ya kila upande hubadilika omu kulingana na noti: tuseme 8 kwenye noti fulani, 40 kwenye nyingine. Tundu likiwa na omu 10, noti ya kwanza inapoteza desibeli 7 na ya pili inapoteza 2. Tofauti ya desibeli 5! Huo ni wimbo mwingine kabisa. Kanuni ya wengi ni kwamba omu za tundu zisizidi moja ya nane ya omu za hedifoni, yaani 2 kwa hedifoni za omu 16. Amplifaya nzuri huwa na chini ya 1, na kwa mwenye hedifoni za aina hii, hiyo ndiyo sababu ya maana ya kuwa nayo, hata kama sauti ilikuwa inatosha.

Pleya yako ikiwa ya kisasa, haina kapasita na omu zake za kutokea ni ndogo, amplifaya haitaongeza besi yoyote.

Waya wa kuunganisha uwe wa namna gani?

Mfupi, laini, wenye pini ya milimita 3.5 pande zote mbili. Plagi zilizopinda kama herufi L hukaa vizuri zaidi pleya na amplifaya zikiwa zimebebana. Mimi nafunga kwa mipira miwili ya bendi, na katikati naweka kipande cha mpira laini ili kioo kisikwaruzwe. Usilipe pesa nyingi kwa sentimita 8 za shaba.

Na tundu la milimita 4.4?

Ni tundu la balansi, ambapo kila upande una njia yake ya kwenda na kurudi. Kiwango chake kilitolewa Japani mwaka 2016. Mara nyingi linatoa volti hadi mara mbili ya lile la 3.5, yaani desibeli 6 za ziada. Linafaa kama hedifoni zako zina njaa. La muhimu: usitumie adapta inayotoa balansi kwenda kwenye pini ya kawaida ya 3.5. Hiyo inaunganisha njia mbili za kurudi ambazo hazipaswi kukutana, na unaweza kuichoma amplifaya.

Hedifoni zangu ni za bluetooth. Ninunue amplifaya?

Hapana. Amplifaya imo ndani yake tayari. Kuongeza nyingine ni kutwanga maji kwenye kinu.

Nyimbo zangu ni MP3 zilizobanwa sana. Zitakuwa safi zaidi?

Hazitakuwa. Kilichotupwa wakati wa kubana hakirudi, na kwa hedifoni nzuri utazisikia kasoro vizuri zaidi.

Kuna vijiwaya vya USB vyenye tundu la hedifoni. Si vinatosha?

Kwa watu wengi, ndiyo, na natamani lingejulikana zaidi. Kijiwaya hicho kinachukua sauti ikiwa dijiti, kinaibadilisha chenyewe na kuikuza chenyewe. Hata kile cha kawaida cha Apple cha USB-C hutoa karibu volti 1 na kina omu chache za kutokea. Angalizo moja: toleo la soko la Ulaya hutoa takriban nusu ya hizo volti, kwa sababu kule kanuni zinabana sauti ya vifaa vya mfukoni. Si jambo geni. Mwaka 2002 iPod zilisimamishwa kuuzwa Ufaransa mpaka programu yake ilipobadilishwa ili isivuke desibeli 100. Kama umenunua kifaa na mwenzako mwenye kama hicho anapata sauti kubwa kuliko yako, anzia hapo kabla ya kukilaumu.

Hasara ya kijiwaya ni kwamba kinakula betri ya simu, na tundu la kuchajia linakuwa na shughuli nyingine.

Kuna mlio wa "dididit, dididit" kila simu inapotaka kuita.

Hiyo ni redio ya simu kwenye mtandao wa GSM, inayowaka na kuzima mara 217 kwa sekunde. Waya na saketi vinaudaka mpigo huo na amplifaya inaukuza. Weka simu kwenye hali ya ndegeni, au itenganishe na amplifaya kwa sentimita kadhaa. Boksi la chuma linakinga vizuri kuliko la plastiki.

Mvumo mzito usiokatika, unaoanza ukichomeka chaja, ni kitu kingine. Chomoa chaja. Ukitoweka, sababu ni umeme wa chaja kuzunguka kupitia waya wa sauti, na tiba rahisi ni kuchaji wakati husikilizi.

Inaweza kuunguza hedifoni?

Inaweza, ukifanya makusudi. Kinachotokea zaidi ni kishindo cha "dum!" wakati wa kuwasha. Washa amplifaya kwanza, kitufe kikiwa sifuri, ndipo uvae hedifoni. Wakati wa kuzima, vua kwanza.

Na masikio?

Haya ndiyo ninayoyahofia kuliko hedifoni. Sauti safi isiyokwaruza hudanganya: ile mikwaruzo ilikuwa inakuonya kwamba umezidisha, na sasa haipo. Shirika la Afya Duniani linatumia kipimo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa watu wazima. Kila ukiongeza desibeli 3, muda unakatwa nusu, kwa hiyo kwenye 90 unabaki na saa 4 tu kwa wiki nzima, na kwenye 95 ni saa moja na robo. Amplifaya inayofika 110 ni kwa ajili ya kilele cha sekunde moja, si kwa safari nzima. Masikio yakilia "nziii" baada ya kusikiliza, ulizidisha.

Nimeinunua na nasikia tofauti kubwa. Je, ni kweli au najidanganya?

Swali zuri, na wachache wana ujasiri wa kuliuliza. Sikio likipewa sauti mbili zinazofanana, moja ikiwa juu kwa desibeli moja tu, huichagua hiyo na kusema ni "safi", "pana" au "hai". Halisemi ni kubwa zaidi. Basi ukilinganisha pleya peke yake na pleya yenye amplifaya bila kusawazisha sauti, umelinganisha volyumu.

Fanya hivi. Pata faili lenye mlio mmoja wa hezi 60, ambao mita za bei nafuu zinausoma vizuri, na mita ya umeme yenye uwezo wa kupima volti za AC. Acha hedifoni zikiwa zimechomekwa kupitia adapta ya njia mbili, na kwenye njia ya pili weka pini tupu ambayo unaweza kuigusa kwa ncha za mita. Piga mlio kutoka kwenye pleya peke yake, soma, tuseme volti 0.250. Sasa hamishia kwenye amplifaya na uzungushe kitufe polepole mpaka mita isome 0.250 tena. Mkono utatetemeka, 0.248 inakubalika, 0.280 haikubaliki, maana hiyo tayari ni desibeli moja. Halafu mtu mwingine akubadilishie bila kukuambia ipi ni ipi, mara kumi na zaidi, nawe uandike.

Mara ya kwanza kufanya hivi, kwa hedifoni nyepesi, nilipata 6 kati ya 12. Ningerusha sarafu ningepata hivyohivyo. Kwa hedifoni za omu 300 kwenye pleya ileile sikuwa na haja ya kuhesabu, kwa sababu pleya ilikuwa inakwaruza.

Betri hudumu muda gani, na niitunze vipi?

Inategemea saketi na volyumu, kuanzia saa chache hadi siku kadhaa. Zinazotumia betri ya volti 9 huonyesha uchovu kwa vilele kukwaruza kwanza, kabla sauti haijashuka. Zenye betri ya kuchaji usiziache zikiwa tupu kabatini kwa miezi.

Naweza kuijenga mwenyewe?

Unaweza, na ni kazi nzuri ya mwisho wa wiki. Mchoro maarufu zaidi unaitwa CMoy, kwa jina la Chu Moy aliyeuchapisha mwishoni mwa miaka ya 1990: betri moja ya volti 9, chipu moja ya kukuzia, kapasita chache na vipingamizi kadhaa, vyote vikiingia kwenye kikopo cha bati cha pipi za mnanaa. Betri inagawanywa katikati kwa vipingamizi viwili ili chipu ipate juu na chini. Leo zipo saketi zenye vipimo bora zaidi kwa hela ileile, lakini hakuna inayofundisha haraka kama hiyo.

Ukimaliza kulehemu, usichomeke hedifoni. Washa, weka mita kwenye volti za DC, gusa tundu la kutokea, upande wa kushoto kisha wa kulia. Ukisoma milivolti chache, sawa. Zikizidi 20, rudi ukaangalie viungo. Ya kwanza niliyoijenga ilisoma volti 4 kamili: chipu nilikuwa nimeichomeka kichwa chini.